Nyumba na Shule ni Uamuzi Mmoja: Somo kwa Kamati za Sharika Zinazotuma Familia Nje ya Nchi



Tunaandika kutoka ofisi ya miradi hapa Bagara, Babati. Katika toleo hili tunaleta somo ambalo kamati kadhaa za sharika zimetuomba, na ambalo wafadhili wetu nao wana haki ya kulisoma, kwa kuwa linahusu fedha wanazozitoa.

Uhusiano wa Walutheri wa kaskazini mwa Tanzania na Ujerumani ni wa siku nyingi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa miaka mingi wao ndio waliokuja kwetu, wengine wakiwa na wake na watoto wao. Siku hizi safari ni ya pande zote mbili. Wachungaji, wauguzi na walimu kutoka kwetu huenda kule kuhudumu au kusoma kwa miaka kadhaa, na wengine huenda na familia zao.

Tumeona kwamba kamati zetu hujiandaa vizuri kwa tiketi, viza na makoti ya baridi. Mambo mawili huachwa mwisho: nyumba ya kupanga na nafasi za watoto shuleni. Tena huwekwa kwenye ajenda kama mambo mawili tofauti, kila moja na mtu wake wa kulishughulikia. Somo hili linasema kwamba hayo ni jambo moja, na kwamba atakayeyatenganisha atalipa mara mbili, kwa fedha na kwa muda wa mtoto.

1. Mazoea ya hapa kwetu

Familia ikihamia Bagara kutoka Katesh au Magugu, utaratibu unajulikana. Baba hutangulia. Hutafuta nyumba kupitia jamaa au dalali, hupatana na mwenye nyumba, na mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kisha mama na watoto hufuata na vyombo. Shule huja baadaye. Mzazi huenda na barua ya uhamisho kutoka shule ya zamani, hujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwalimu mkuu humpokea mtoto. Darasa likiwa limejaa, watoto hubanana kidogo kwenye dawati na mmoja huongezwa.

Kwa sababu hiyo tumejengeka kufikiri kwamba nyumba ndiyo kazi ngumu, na shule itapatikana tu. Ujerumani au Uingereza mambo hayaendi hivyo. Darasa likijaa limejaa, na mtoto hupelekwa kwingine au husubiri. Aidha, anwani ya nyumba ndiyo mara nyingi inayoamua mtoto ataulizia nafasi katika shule ipi. Ukishachagua nyumba, umeshachagua na shule, hata kama hukujua.

2. Kosa tulilolifanya wenyewe

Tunaliandika hili bila kuficha, kwa sababu kosa lilikuwa la kamati yetu na si la familia.

Miaka michache iliyopita tulisaidia kuandaa safari ya mtumishi wetu mmoja kwenda Ujerumani kwa miaka mitatu, pamoja na mke wake na watoto wawili, wa kiume miaka 7 na wa kike miaka 14. Marafiki wa huko walitupatia orodha ya nyumba tatu. Sisi tulitazama safu moja tu ya orodha hiyo, yaani safu ya kodi. Tukachagua nyumba ya bei nafuu kuliko zote, katika kijiji kilicho mbali na mji. Katika kikao tulipongezana kwa kubana matumizi, na muhtasari wa kikao upo hadi leo.

Yule mdogo alipata shule ya msingi hatua chache kutoka nyumbani, na alianza katika wiki ya pili. Dada yake hakupata. Shule ya kijijini ilikuwa ya msingi tu. Darasa la kuwaandaa vijana wageni katika lugha ya Kijerumani lilikuwa mjini. Lilikuwa limejaa, na basi la kufika huko lilikuwa la shida. Mama yake alitupigia simu akasema: "Mratibu, mdogo asubuhi anabeba begi, mkubwa anabaki kunisaidia kufua. Hatukuja huku kwa ajili hiyo."

Binti alikaa nyumbani karibu miezi mitatu. Nafasi ilipopatikana mjini, familia ililazimika kuhama, na mkataba wa nyumba ya kijijini ulidai notisi ya miezi mitatu. Mfuko wetu ukalipa kodi ya nyumba mbili kwa wakati mmoja. Fedha tulizookoa kwa kuchagua nyumba ya bei nafuu ziliisha zote na nyingine juu yake. Muda wa yule binti haukurudishwa na mtu. Mwaka wa masomo ulipokwisha, alibaki nyuma ya wenzake wa rika lake.

Tangu hapo tuliamua kujifunza kwanza jinsi mambo yanavyokwenda huko, kabla ya kutuma familia nyingine. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

3. Anwani ndiyo mlango wa shule

Ujerumani ina majimbo 16 (majimbo ya nchi, si kama majimbo yetu ya kanisa), na elimu iko chini ya kila jimbo. Kwa hiyo kinachosemwa kuhusu Bavaria kinaweza kisiwe kweli kwa Berlin. Yapo hata hivyo mambo yanayofanana.

Kwanza, kusoma shuleni ni lazima kwa sheria. Mzazi haruhusiwi kumfundisha mtoto nyumbani badala ya shule. Shule za serikali hazitozi ada, ingawa chakula, nauli na vifaa vinaweza kuwa na gharama.

Pili, mtu anayehamia katika nyumba anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji huo ndani ya wiki mbili. Sheria iliyoanza Novemba 2015 inataka mwenye nyumba atoe karatasi ya kuthibitisha kwamba mpangaji ameingia. Bila karatasi hiyo kujiandikisha kunakwama, na bila kujiandikisha mambo mengine mengi yanakwama, shule ikiwemo. Hivyo nyumba ambayo mwenyewe anasema "kaeni tu, lakini msiandikishe jina" haifai kwa familia yenye watoto, hata ikiwa ya bure.

Tatu, katika majimbo mengi shule ya msingi ya serikali hupangwa kwa eneo. Mtaa fulani una shule yake. Mzazi anaweza kuomba shule nyingine, lakini hana hakika ya kupata.

Nne, tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inataka wanafunzi wawe na uthibitisho wa chanjo ya surua. Kadi ya kliniki, ambayo wengi wetu huiacha mtoto akifikisha miaka mitano, inakuwa nyaraka muhimu. Ikaguliwe mapema kama inaonyesha chanjo zote mbili. Ikiwa imepotea au ina chanjo moja, jambo hilo limalizwe hapa Babati kabla ya safari.

4. Kodi, amana na notisi

Katika matangazo ya nyumba za Ujerumani mtaona bei mbili. Ya kwanza wenyeji huiita Kaltmiete, yaani "kodi baridi", nayo ni kodi ya nyumba tupu. Ya pili ni Warmmiete, "kodi yenye joto", ambayo imejumlisha gharama za ziada kama maji, taka na mara nyingi joto la nyumba. Umeme kwa kawaida hulipwa mbali. Kamati ikilinganisha kodi baridi ya nyumba moja na kodi yenye joto ya nyingine, itadanganyika. Tena nyumba nyingi hupangishwa bila samani, na si ajabu kukuta jiko halina hata kabati wala sinki.

Amana ya mwenye nyumba kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, ya kwanza mkataba unapoanza. Kuhusu dalali, tangu Juni 2015 aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. Ikiwa mwenye nyumba ndiye aliyemtafuta, mpangaji hapaswi kudaiwa. Hili ni tofauti na tulivyozoea, na familia zisikubali kulipa kwa kutojua.

Mpangaji anayetaka kuondoka hutoa notisi ya miezi mitatu. Kwa sababu hiyo mkataba wa kwanza ndio uamuzi mzito kuliko yote katika safari nzima. Hapa kwetu mpangaji akikosa amani anaweza kupakia vyombo kwenye toroli na kuhamia mtaa wa pili jioni hiyo hiyo. Kule atakuwa anadaiwa.

Liko pia suala la viza. Kutegemea aina ya kibali, wahusika wanaweza kutaka kuona uthibitisho wa nyumba yenye nafasi ya kutosha kabla ya kuwaruhusu mke na watoto kumfuata mtumishi. Hapo kamati hubanwa na kutaka kusaini mkataba wowote ulio mbele yake. Njia salama ni kuanza mapema, miezi kadhaa kabla, ili uthibitisho huo utoke kwenye nyumba iliyochaguliwa kwa kutazama na shule pia.

5. Umri wa mtoto ubadilishe mpango

Kamati zetu huandika "watoto wawili" au "watoto watatu" kwenye fomu. Idadi haitoshi. Iandikwe miaka ya kila mmoja na darasa lake, kwa sababu kila umri una ugumu wake.

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 ndiye mwepesi kuliko wote. Ataingia shule ya msingi ya jirani na lugha ataipata akicheza na wenzake.

Mtoto wa miaka 9 au 10 anahitaji uangalifu. Katika majimbo mengi ya Ujerumani shule ya msingi huishia darasa la nne, na baada ya hapo watoto hugawanywa katika shule za aina mbalimbali. Berlin na Brandenburg shule ya msingi hufika darasa la sita. Mtoto anayefika bila Kijerumani wakati walimu wanapima nani aende wapi anaweza kuwekwa chini kwa sababu ya lugha tu, huku akili yake ikiwa nzuri. Wazazi waulize mapema kama jimbo na mji wanaokwenda una nafasi ya mtoto kubadilisha aina ya shule baadaye.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea ndiye anayepaswa kuongoza uchaguzi wa nyumba. Mdogo atapata shule karibu kila mahali. Mkubwa anahitaji mahali penye madarasa ya maandalizi ya lugha, na mara nyingi hayo yako mijini. Sisi tulifanya kinyume chake.

Wapo pia watoto walio karibu na mtihani hapa nyumbani. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wakati mwaka wa masomo wa Ujerumani unaanza kati ya Agosti na Septemba. Kumwondoa mtoto wa kidato cha nne mwezi Julai ili awahi muhula wa huko ni kumnyima cheti ambacho amekifanyia kazi miaka minne. Katika hali hiyo ni bora abaki kwa shangazi au bweni hadi Novemba, kisha afuate. Ila kabla ya kuamua hivyo, kamati iulize kama kibali cha mtoto huyo kitaruhusu achelewe, kwa kuwa sheria za Ujerumani zinambana zaidi mtoto aliyefikisha miaka 16 anayetaka kumfuata mzazi aliyetangulia. Tarehe ya kuzaliwa itazamwe pamoja na tarehe ya mtihani.

Tusisahau kurudi. Familia nyingi tunazozituma zitarudi baada ya miaka mitatu au minne. Ripoti zote za shule za huko zitunzwe, na kijana atakayerudi na cheti cha sekondari cha nje atahitaji ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Nyumbani pia Kiswahili kiendelee kuzungumzwa na kuandikwa.

6. Kwa wanaokwenda Uingereza

Zipo sharika zenye marafiki Uingereza, nazo zimetuuliza kama mambo ni yale yale. Kwa sehemu kubwa ndiyo. Katika England maombi ya shule za serikali hupitia kwenye halmashauri ya eneo, na anwani ina uzito mkubwa shule inapokuwa na waombaji wengi. Tarehe ya mwisho ya kuomba sekondari kwa mwaka unaofuata ni 31 Oktoba, na ya shule ya msingi ni 15 Januari. Anayefika katikati ya mwaka huomba nafasi zilizobaki, na huenda asipate shule iliyo karibu na nyumba yake. Amana ya nyumba, kwa kodi za kawaida, haizidi kodi ya wiki tano tangu Juni 2019. Mwenye nyumba pia anapaswa kuhakiki kama mpangaji ana haki ya kuishi nchini humo.

Jambo moja kamati zilijue kabla ya kuahidi chochote: tangu Januari 2024 wanafunzi wanaokwenda Uingereza kwa shahada ya uzamili ya kawaida ya kufundishwa darasani kwa ujumla hawaruhusiwi kwenda na mwenzi na watoto. Wanaosoma kwa njia ya utafiti, kama shahada ya uzamivu, wao bado waliruhusiwa na mabadiliko hayo. Tumepokea barua ya maombi ya tiketi za watoto wakati kozi yenyewe haikuwa ya aina inayoruhusu watoto. Swali la kwanza liwe kozi, kisha familia, kisha shule na nyumba.

7. Utaratibu tunaoupendekeza

Baada ya kujifunza kwa gharama, sasa tunafuata hatua hizi:

a) Tunaandika umri, darasa na lugha za kila mtoto kabla ya kutazama nyumba yoyote.

b) Tunawaomba marafiki wa huko waulize ofisi ya elimu ya mji, au shule zenyewe: je, kuna nafasi kwa mtoto wa umri huu asiyejua Kijerumani, na ni kwa wakazi wa maeneo gani?

c) Baada ya jibu ndipo tunatafuta nyumba, katika maeneo hayo tu. Tunaangalia pia umbali wa kazi ya mzazi na usafiri wa basi.

d) Kama jibu la shule halijawa wazi, mtumishi hutangulia peke yake, au familia hufikia nyumba ya muda yenye samani, ambayo mwenyewe anakubali waandikishwe, kwa mwezi mmoja au miwili.

e) Mkataba wa muda mrefu husainiwa baada ya angalau mtoto mkubwa kuwa na uhakika wa nafasi.

f) Mkoba wa nyaraka hubebwa mkononi, hauwekwi kwenye mizigo: vyeti vya kuzaliwa vya RITA pamoja na tafsiri zake, ripoti za shule za miaka miwili, kadi za chanjo na barua za uhamisho.

8. Hesabu kwa wafadhili

Wafadhili wengine huuliza kwa nini tunaomba fedha za nyumba ya muda, ambayo ni ghali zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme nyumba ina kodi baridi ya euro 800 na gharama za ziada euro 250, jumla euro 1,050 kwa mwezi. Amana yake inaweza kufika euro 2,400. Ikilipwa kwa awamu tatu za euro 800, kila mmoja wa miezi mitatu ya kwanza utahitaji euro 1,850. Hilo lenyewe liwe kwenye bajeti, maana wengi huandika 1,050 na kushtuka.

Sasa tuseme nyumba ya muda ni euro 1,400 kwa mwezi. Kwa miezi miwili tumelipa euro 700 zaidi ya nyumba ya kawaida. Lakini familia iliyosaini vibaya ikalazimika kuhama italipa notisi ya miezi mitatu, yaani euro 3,150, huku ikilipia na nyumba mpya, na pengine inadaiwa amana ya pili kabla ya kurudishiwa ya kwanza. Euro 700 ni kinga ya euro 3,150. Muda wa mtoto hatujauweka kwenye hesabu hii, kwa kuwa hatujui tuuandike kwa euro ngapi.

9. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, katika usharika wetu yupo mtumishi anayetarajiwa kwenda nje? Tunajua umri na madarasa ya watoto wake?

2. Nani katika kamati ana jukumu la shule, na nani la nyumba? Tunaweza kumpa mtu mmoja yote mawili?

3. Tulipochagua nyumba mara ya mwisho, kwa mtumishi wa hapa au wa nje, tuliangalia nini zaidi ya kodi?

4. Je, watoto wenyewe wameulizwa? Kijana wa miaka 14 anaweza kuwa na neno ambalo wazazi hawajalifikiria.

5. Mtoto akibaki nyumbani kumalizia mtihani, nani atamlea, na usharika utamsaidiaje?

Mwisho

Yule binti tuliyemtaja alipata darasa lake mjini, akajifunza lugha, na baadaye alisonga mbele na masomo. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na tunawashukuru walimu wake. Lakini hatutaki familia nyingine ipite njia ile kwa sababu ya kamati iliyotazama safu moja ya orodha. Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Kabla ya kutia saini ya nyumba, ulizeni kwanza kuhusu dawati la mtoto.

Kamati itakayohitaji kupitia mpango wake pamoja nasi inakaribishwa ofisini Bagara. Njooni na umri wa watoto mkiwa mmeuandika.